Hodi kwenye Mlango Mwekundu

Mtakatifu Roko ana mbwa. Mtakatifu Barbara ana mnara. Kwa ajili ya mbwa huyo na mnara huo, nusu ya kijiji chetu hainywi kahawa kwenye baa ya nusu nyingine, na nimewahi kuona uchumba ukivunjika mezani kwa sababu mama wa kijana alikuja amejifunga kitambaa cha buluu. Sisi wa Barbara ni wekundu. Wale wa Roko ni wa buluu. Ukitaka kujua nani alianza, muulize yeyote kati yetu, atakwambia ni wale.

Mimi ni mfamasia. Naitwa Dolores Zerafa, nina miaka hamsini na minne, na duka langu la dawa liko barabara kuu, hatua chache kutoka kona ya kanisa. Nimelirithi kwa baba yangu, mzee Karmnu, pamoja na rafu zake za mbao, picha yake ya Barbara ukutani, na mlango alioupaka rangi nyekundu mwaka aliochaguliwa kuwa katibu wa bendi yetu, maana hapa kila mtakatifu ana bendi yake. Mlango huo sijaubadilisha rangi. Kwanza naupenda. Pili, hata ningeupaka rangi ya maziwa, wale wangesema nimeogopa.

Kwa watu wasiotujua, sikukuu ya mtakatifu ni sanamu kutolewa kanisani jioni kwa heshima na uvumba. Ni kweli, lakini kabla ya hapo kuna maandamano ya asubuhi, na hayo hayana heshima hata ya kulambisha paka. Bendi inapiga, bia inamwagika, vipande vya karatasi vinarushwa kutoka kwenye mapaa, na wanaume wazima wanaimba matusi ambayo siku nyingine wangemchapa mtoto akiyasema. Mwenyekiti wa bendi hubebwa mabegani kama mzigo wa thamani. Na bendi ya Roko, kila mwaka, husimama mbele ya mlango wangu kuimba wimbo wake mmoja maalumu:

*Piga hodi, piga hodi,*
*mlango mwekundu haufunguki.*
*Mfamasia yumo ndani,*
*anagawana vidonge na shetani.*

Wimbo huo una historia. Mwaka 1979, siku ya sikukuu ya Roko, Baba alijifungia dukani kwa sababu mwaka uliotangulia walimwagia rafu zake bia. Akakaa nyuma ya kaunta siku nzima. Nje, mpiga ngoma kubwa wa Roko, bwana mmoja akiitwa Grezzju Buhagiar, akashikwa na kifua hatua chache kutoka kwetu. Wakampakia kwenye gari la mboga kumpeleka kijiji cha pili. Alikata roho njiani. Wao walisema walibisha, na mlango mwekundu haukufunguliwa. Baba alisema hakuna aliyebisha. Alisema baa, alisema kwa padri, na alipokuwa kitandani anakufa, akasema tena wakati hakuna aliyemuuliza. Tangu siku ile hakufunga mlango saa za kazi, hata wakati wa chakula. Alikula amesimama.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, niko ghorofani, na nilichosikia ni ngoma tu. Kwa hiyo sikuwa shahidi wa mtu. Na Mungu anisamehe, kuna siku nilijiuliza kama Baba kweli hakusikia, au alisikia akajua ni sauti ya upande gani.

Mwana wa Grezzju ni Wistin, na Wistin sasa ndiye mwenyekiti wa bendi ya Roko. Ana miaka sitini na minne na masharubu anayoyapaka mafuta. Hajawahi kukanyaga dukani kwangu. Dawa zake huzifuata kwa basi kijiji cha pili, na mara nyingi nimemwona akishuka kituoni ameficha mfuko wa duka la mwenzangu ndani ya koti, mwezi wa Agosti, jua linachoma. Ni dawa za nini sikujua, wala haikuwa kazi yangu kuuliza.

Sasa, kila Jumapili duka moja la dawa katika eneo letu lazima liwe wazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Orodha ya zamu hupangwa mjini na watu wasiojua mbwa wala mnara. Mwaka jana wakanipangia Jumapili ya Roko. Kaka yangu Nenu, ambaye sasa ndiye katibu wa bendi ya Barbara, alikuja Jumamosi kunibembeleza nibadilishane zamu, au nijifanye naumwa. Nikamwambia mimi huuza dawa za ugonjwa, siuzi ugonjwa wenyewe. Akaondoka amenuna, na kesho yake akarudi akapanda dirishani ghorofani na simu yake, tayari kurekodi matusi kwa ajili ya barua ya malalamiko anayowapelekea polisi kila mwaka, na ambayo polisi kila mwaka hawaisomi.

Saa sita kasorobo wakafika. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na koti langu jeupe, mikono kifuani. Wistin alikuwa juu ya mabega ya Salvu, fundi vigae, mwanaume mpana kuliko mlango wangu. Bendi ikanyamaza. Wistin akainua mkono kuanzisha wimbo. Alikuwa mweupe kama chokaa na shati limelowa, lakini siku ile nani hakulowa. Akanitazama, akafungua kinywa, na kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa akasema:

"Mtakatifu Barbara, oyee."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani mpya. Akarudia. Akaongeza kwamba Barbara ni mrembo, na kwamba mbwa wa Roko tangu zamani yeye humwona kama mbuzi. Hapo kicheko kikakatika. Mpiga zumari mmoja akavua kofia. Salvu akamshusha taratibu na kumsimamisha chini, halafu akarudi nyuma hatua moja, maana hakujua tena alichokuwa amekibeba.

Mmoja akauliza mwenyekiti amekunywa bia ngapi. Mwingine akajibu hajanywa hata moja, ameshika glasi ileile tangu saa mbili. Mzee mmoja akatema mate na kusema, basi amenunuliwa. Neno hilo likapita kwenye umati haraka kuliko bia. Mtu akamsukuma begani, na Wistin akayumba, akatabasamu.

Juu yangu Nenu alikuwa karibu kuanguka kutoka dirishani. "Dolores, usiguse kitu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mwache aseme tena. Ile ya mbuzi haikutoka vizuri, jua limenipiga."

Mimi nilikuwa namtazama Wistin. Mikono ilimtetemeka. Jasho lilikuwa jasho baya, la baridi. Na macho yake yalinitazama bila chuki hata kidogo, jambo ambalo ndilo lililonitisha. Mlevi wa Roko hunichukia zaidi. Aliyenunuliwa angetazama chini. Hakuna Buhagiar aliyewahi kuniangalia vile akiwa na akili zake. Nikaelewa kwamba ule mfuko wa ndani ya koti ulikuwa wa insulini, na kwamba sukari imemshuka.

Nikamuuliza Salvu mwenyekiti amekula nini tangu asubuhi.

"Dada, leo mwenyekiti ana muda wa kula? Tangu alfajiri yuko na baruti na bendera."

"Anadunga insulini?"

"Mwenyekiti?" Salvu aliona nimemtukana. "Mwenyekiti ana afya ya punda."

Sikubishana. Nilichukua kipima sukari, nikamdunga kidole palepale barabarani. Mtu wa kawaida mwenye njaa ana nne na kitu, tano. Kipimo kilisoma moja nukta saba. Nikakimbia ndani, nikakoroga sukari kwenye maji, nikatoka nayo. Na hapo nilifanya ujinga ambao mtu wa kijiji chetu peke yake anaweza kuufanya. Nilimpa kwenye kikombe changu cha kila siku, kikombe chekundu chenye mnara.

Ubongo wa Wistin ulikuwa umeshamsahau mtakatifu wake, lakini mdomo ulikuwa bado na uanachama. Alionja, akakiona kikombe, akanitemea maji yote kwenye koti. Nikageuka kwenda kutafuta glasi isiyo na dini. Sijafika kaunta, nikasikia kishindo. Alikuwa chini, anatikisika mwili mzima.

Wote wakawa madaktari. Mmoja akaleta chupa ya brandi, akapiga goti kumfungua meno. Nikamshika mkono. "Ukimtia kitu mdomoni sasa kitaingia mapafuni," nikamwambia, "na polisi wakija nitawaonyesha wewe." Akaificha chupa nyuma ya mgongo. Nikamlaza Wistin ubavu. Mtu alikuwa ameshapiga simu, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwama uwanjani kati ya jukwaa la bendi na vibanda vya wauza halua, dakika ishirini kama watu watakubali kusogea, na watu wa sikukuu hawasogei.

Kwenye friji langu kuna sindano ya glukagoni, kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa. Huitoa sukari iliyofichwa kwenye ini na kuirudisha kwenye damu. Kwa kawaida haitoki bila cheti cha daktari. Lakini daktari hayupo, mtu anakufa, na mimi ninayejua kuitumia nimesimama pale. Nilipokula kiapo cha kazi hakuna aliyeniuliza ningemtibu mtu wa rangi gani. Nikawaambia wamwingize ndani, maana pale barabarani alikuwa anakanyagwa na kumwagiwa bia.

Hakuna aliyesogea. Salvu akautazama mlango.

"Mle? Dada yangu, akizinduka ajikute mle, atatuua."

"Asipozinduka hatamuua mtu. Mbebe, Salvu, au nimbebe mimi mbele ya bendi yenu nzima."

Wakanong'ona. Sikuamini macho yangu. Mwenzao anakufa, wao wanafanya kikao. Kisha mpiga zumari akaleta bendera ya Roko, wakaitandika juu ya kizingiti ili mguu wa mtu usiguse wekundu, na wawili wakainua nyingine kuufunika mlango wenyewe. Mwenyekiti Wistin Buhagiar akaingia dukani kwangu kati ya mbwa wawili wa hariri.

Nikachanganya dawa. Suruali yake nyeupe ya sikukuu nikaichana kwa mkasi mpaka juu. Chupi ilikuwa ya buluu, kama nilivyotarajia. Nikamdunga pajani, nikamlaza ubavu tena, nikatazama saa.

Dawa hiyo huchukua kama dakika kumi. Niseme ukweli, sikumwombea yeye. Nilikuwa naomba asifie pale, kwenye vigae vya Baba, chini ya picha ya Baba, wakati wimbo unasubiri nje. Nikakaa sakafuni karibu naye na kumshika mkono, nikihesabu mapigo ya mtu ambaye amenitukana tangu nikiwa na miaka tisa.

Nenu akashuka, simu mkononi, uso unang'aa. Nikamwambia aifute ile video. Akaniuliza kama na mimi sukari imeshuka.

"Aliyesema maneno yale ni mgonjwa wangu," nikasema. "Na maneno yenyewe ni ugonjwa wake."

"Tangu lini Buhagiar ni mgonjwa wako?"

"Tangu dakika saba zilizopita."

Akakataa. Nikainuka, nikamnyang'anya simu, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya njano ya sindano zilizotumika. Ndoo ile mfuniko wake una mdomo wa kuingizia tu. Kilichoingia hakitoki, huenda kuchomwa moto kama kilivyo. Nenu aliitazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema Baba angeona aibu. Akatoka, na kwa mwaka mzima hakunisemesha. Hata plasta alinunua kijiji cha pili.

Dakika ya kumi na moja Wistin akafumbua macho. Akaiona picha ya Barbara ukutani. Akaniona mimi.

"Nimekufa," akasema, "na wameniweka kusiko."

Salvu akaanza kulia waziwazi, mtu mzima yule, akiwa ameshika bendera. Nikamkalisha Wistin, nikampa maji ya sukari kwenye glasi ya kupimia dawa, halafu pastizi, sambusa yetu ya jibini, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mchana wangu. Alikula kwa mikono miwili. Alipomaliza akawaomba wenzake watoke. Walipokuwa wanatoka wakajaribu kumwambia aliyoyasema kule nje, nikawatazama, wakaacha.

Tukabaki wawili. Akajifunika paja kwa bendera.

"Mlango ulikuwa wazi?" akauliza.

"Uko wazi tangu mwaka sabini na tisa."

Akaizungusha glasi mkononi. Halafu akasema, "Walinituma mimi."

Nikamuuliza nani alimtuma.

"Siku aliyoanguka mzee wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, waliniambia kimbia ukabishe. Nikafika hapo konani. Wasichana wenu walikuwa kwenye roshani, wakaanza kulicheka shati langu. Nikaona haya. Nikarudi, nikasema nimebisha." Akaivuta bendera pajani. "Sikujua ni moyo. Nilidhani ni jua."

Nilitamani ningekuwa bado nimeshika mkasi. Nilimwona Baba kitandani, midomo imekauka, anarudia yaleyale kwa dari. Niliona aibu yangu pia, kwamba nami nilimshuku. 

"Miaka arobaini na minne mmekuja kuimba hapa," nikasema. "Na anayeanzisha wimbo ni wewe."

"Ndiyo."

"Baba yangu alikufa akisema hakuna aliyebisha."

"Najua. Niliambiwa." Akanitazama, na safari hii akili zake zote zilikuwepo. "Utawaambia?"

Hapo ndipo nilipokichukia kiapo changu. Mgonjwa ameketi kwenye sakafu yangu, sukari ndiyo kwanza inampanda, ananiambia jambo, na mimi nimevaa koti jeupe. Ningeweza kuita dirishani na kijiji kizima kingesikia. Nikamwambia hapana. Nikamwambia pia amalize maji yake na atoke kwa mlango wa mbele, kwa sababu wa nyuma ninautumia kutolea takataka. Gari la wagonjwa lilipofika lilimkuta amekaa kizingitini, juu ya bendera.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Wistin alihamishia dawa zake kwangu. Kila mwezi alikuja saa nne asubuhi, akapita barabara kuu akiwa amebeba insulini mkononi, bila kuificha, na tulizungumza juu ya vipimo vyake na ratiba ya kula, basi. Nenu alipita upande wa pili wa barabara. Siri nilimwambia Baba tu, makaburini, kwa kuwa sijaona kanuni ya kazi yetu inayowataja marehemu.

Agosti hii Jumapili ya Roko haikuwa zamu yangu. Nilifungua hivyohivyo. Wakaja na kelele zao, karatasi, bia, na Wistin juu ya mabega ya Salvu anatafuna pastizi, makombo yanamwangukia Salvu kichwani. Ng'ambo ya barabara Nenu alikuwa amesimama na simu mpya. Bendi ikanyamaza. Watu wakavuta pumzi tayari kwa wimbo.

Wistin akaomba ashushwe. Akajifuta mdomo, akaja mpaka mlangoni kwangu, na mlango ukiwa wazi kabisa mpaka ukutani, akaugonga kwa vidole mara tatu.

"Mwenyekiti, uko wazi huo," Salvu akamwambia. "Unabisha nini?"

Wistin akageuka. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngoma za nyuma, "Mwaka sabini na tisa mlinituma nibishe hapa. Sikubisha. Niliogopa kuchekwa nikarudi, nikawadanganya. Mzee Karmnu hakusikia hodi kwa sababu hodi haikupigwa."

 Bendi ile ina wapiga tarumbeta kumi na wanne, na ningeweza kusikia karatasi zikitua chini. Wazee ndio walioelewa kwanza, nikawaona wakitafuta pa kutazama. Nenu alikuwa ameishusha simu yake.

Wistin akanigeukia, akagonga tena.

"Hodi," akasema.

Nilikuwa ndani, hatua moja kutoka kizingitini. Nikajibu kama ambavyo Baba angejibu.

"Karibu. Kuna nini?"

"Baba yangu ameanguka," akasema.

Nikatoka nje.